Kuku Walioliwa na Takwimu

Kabula, mtoto wa dada yangu, amepata kazi mwaka huu. Anapima utendaji wa mashirika na vikundi vinavyopewa fedha za serikali ili vihudumie watu: wagonjwa walio majumbani, yatima, wazee, wenye ulemavu. Alipokuja kunisalimia hapa Mabatini alinionyesha kishikwambi chake, jinsi kinavyochora chati zenye rangi nyingi kuliko duka la vitenge. Nikakisifu. Halafu nikamuuliza, "Kinanusa?"

Akacheka, kisha akanitazama kwa huruma, anajiuliza mjomba ameanza lini.

Sijachanganyikiwa, Kabula. Kazi unayoifanya ndiyo niliyoifanya mimi hadi nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo pua ilinisaidia kuliko kalamu. Basi nakuandikia wewe na wenzako mlioanza juzi, ninyi watu wa "viashiria" na "matokeo tarajiwa". Someni huku mnakunywa chai. Msinidai mpangilio wa miaka, maana nitaruka huku na huku. Kumbukumbu zangu hazikuwahi kupangwa kwenye faili.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka kila kona, hamuwezi kuelewa. Sisi tulitoka kwenye foleni za sukari na sabuni, mara tukaamka mitumba imejaa hadi barabarani, na kila mtu mfanyabiashara. Serikali nayo ikasema haiwezi tena kufanya kila kitu peke yake. Itatoa ruzuku, vikundi vya watu binafsi vitoe huduma, na sisi maafisa tuzunguke tukapime kama huduma kweli imetolewa. Wazo zuri kabisa. Ila sasa kila mwenye muhuri wa mpira akawa na kikundi. Vingine vilikuwa vya watu safi waliokuwa wakihudumia wenzao tangu zamani bila senti. Vingine, hata mke wa mwenyekiti alikuwa hajui kwamba yeye ndiye mweka hazina.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Masanja, mtu wa Magu, mfupi, mpole, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata ndani ya ofisi. Siku yangu ya kwanza nilijiandaa kweli kweli: mkoba mpya, rula, karatasi za kaboni. Tulipofika kwenye zahanati ndogo ya kikundi kimoja, mimi nikaingia ofisini moja kwa moja, nikapewa kiti na soda. Nilipotoka nikamkuta mzee amechuchumaa njiani anatazama majani.

"Ng'wanawane," akaniita, kwani mtu aliyempenda alimwita mwanawe kwa Kisukuma, "wamekwambia wanapokea wagonjwa wangapi kwa wiki?"

Nikamtajia. Walikuwa wengi.

"Na wote wanaruka?"

Njia ya kuingilia ilikuwa imeota nyasi za kufika magotini. Ilikuwa njia ya mtu mmoja, yule aliyekuja asubuhi kutufungulia mlango. Nilikuwa nimeikanyaga mwenyewe na sikuiona, kwa kuwa nilikuwa nikitazama kibao chao kizuri.

Tangu hapo siingii ofisini kwanza. Natazama njia, natazama choo, nanusa jikoni. Kikundi kikisema kimefundisha watu wiki nzima, na buibui ametanda mlangoni mwa choo, basi waliofundishwa walikuwa malaika. Wakisema wanapika uji kila siku, majivu yatasema. Majivu ya jana yana harufu yake na ya mwezi jana yana harufu yake, na hapo ndipo ninapokuuliza kama kishikwambi kinanusa.

Lakini msidhani Mzee Masanja alikuwa polisi. Kulikuwa na kituo cha chekechea kando ya barabara ya kwenda Magu, kinapata ruzuku kwa idadi ya watoto. Kila tukienda, watoto pomoni, hadi wengine wanakaa dirishani. Mzee hakuwahesabu. Alimwomba mwalimu agawe uji, akasema, "Kila mtoto achukue kikombe chake."

Vikombe vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwenye ubao, kila kimoja na alama yake ya rangi ya kucha. Nusu ya watoto wakakimbilia vikombe wakisukumana na kupigana viwiko. Nusu ya pili wakabaki wamesimama, kidole mdomoni. Mtoto wa chekechea anaweza kusahau jina la baba yake, kikombe chake hasahau.

Mwalimu hakutahayari hata kidogo. "Hawa wengine ni majirani," akasema. "Wamekuja kuona gari."

"Vizuri, nao wapewe uji," akasema Mzee Masanja. "Ila kwenye taarifa tutaandika wenye vikombe."

Nilimpenda sana kwa neno hilo. Angeweza kufoka, kituo kikafungwa, na wale wenye vikombe wakakosa uji kwa dhambi ya wasio navyo. Mnapopima, wanangu, kumbukeni kwamba mwisho wa kalamu yenu kuna mtu anasubiri chakula.

Sasa niwaambie habari ya firigisi. Kwetu huku, mgeni wa heshima anachinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Huiombi. Unaikuta imewekwa juu, na wenyeji wanakutazama mpaka uimeze. Ukikataa umeitukana nyumba. Mimi nilikuwa afisa, nina gari na dereva, kwa hiyo nimekula firigisi kuanzia Kwimba hadi Sengerema. Mke wangu alikuwa akisema nikifa daktari atakuta banda la kuku tumboni. Tulikuwa tunacheka wote wawili. Ni kisiwani Ukerewe nilikokuja kuacha kucheka.

Ofisi yetu ya Mwanza ilikuwa na mkataba na vikundi viwili kule, vya tarafa moja, kila kimoja na vijiji vyake. Kazi ilikuwa moja: kuwahudumia nyumbani wagonjwa wa muda mrefu, waliopooza, waliodhoofu, wasio na wa kuwageuza kitandani. Kigezo cha kupima kilikuwa kimoja pia, idadi ya ziara. Mhudumu akifika kwa mgonjwa, mgonjwa anachovya dole gumba kwenye wino na kulibandika kwenye fomu. Dole moja, ziara moja. Aliyebuni kigezo hicho aliona amemaliza, maana dole la mtu haliigiziki.

Kikundi cha kwanza kiliongozwa na Bwana Laurenti, karani mstaafu wa ushirika, mtu wa shati jeupe na baiskeli inayong'aa. Fomu zake zilijaa madole mbele na nyuma. Cha pili kilikuwa cha Mama Nyangeta, mjane aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi hospitalini. Fomu zake zilikuwa na madole ya kuhurumia. Ukiziweka kando ya za Laurenti ungedhani mama amelala mwaka mzima.

Na mwaka huo fedha zilipungua. Mkuu wetu wa ofisi, ambaye sote tulimwita Bwana Mkuu, akaamua kikundi kimoja tu kibaki, kichukue wagonjwa wa vijiji vyote. Akanituma Nansio, kule kisiwani.

"Kahakiki tu," akaniambia. "Jibu tunalo."

Nilianza na vijiji vya Bwana Laurenti. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyepooza upande mmoja. Nikakaribishwa kigoda barazani, nikakaa, na kuna kitu kikawa kinanisumbua na sikijui. Halafu nikakijua. Ni kimya. Hapakuwa na jogoo, hapakuwa na tetea anayepekua, hapakuwa na kifaranga wa kukwepa kumkanyaga. Banda la kuku lilikuwa limejazwa kuni.

"Poleni, mama," nikamwambia mke wa mgonjwa. "Mdondo umewapitia kuku wenu?"

"Mdondo gani, baba? Wameliwa na wageni."

"Wageni gani?"

"Wageni wa mgonjwa. Si ninyi?"

Akanieleza bila hasira, anachambua mboga huku anaongea. Siku ya kwanza Bwana Laurenti na wenzake walipofika, watu waliotumwa na serikali, wamevaa vizuri, angewapa maji matupu? Akachinja. Wiki ile ile wakarudi. Akachinja. "Wakasema, mama usijisumbue. Sasa baba, kuna mgeni gani asiyesema usijisumbue?"

"Na kuku walipoisha?"

"Nikaenda kwa shemeji. Wa shemeji nao wameisha."

Nikamuuliza wanamfanyia nini mzee. Akatulia akafikiri, maana hakutaka kumsingizia mtu. "Wanamsalimia vizuri sana," akasema. "Wanamuuliza anaendeleaje. Halafu wanamshika kidole."

Nikaenda nyumba ya pili, ya tatu, na zile zilizofuata. Habari ni ile ile. Nyumba iliyotembelewa zaidi ndiyo iliyokuwa maskini zaidi wa kuku, na mgonjwa wake amelala vile vile alivyokuwa amelala mwaka uliotangulia. Kwa hesabu zetu za ofisini hizo ndizo zilikuwa nyumba zilizohudumiwa vizuri kuliko zote. Saa ya chakula ilipofika, katika nyumba moja nikamwona mama anatokea nyuma na jogoo wa jirani kwapani. Nikamkimbilia. Afisa mzima wa serikali na mama wa Kikerewe tukawa tunavutana jogoo uani, yeye ananiambia nimemdharau, mimi namwambia nimeokoka sili nyama, jogoo anapiga kelele kwa niaba yetu sote. Mwisho tukapatana kwa viazi vitamu.

Bwana Laurenti hakuwa mtu mbaya, na msimweke hivyo vichwani mwenu. Nilipomuuliza alinijibu kwa uchungu. "Afisa, nyie ndio mliandika ziara. Nikikaa na mgonjwa mmoja kutwa, wengine nitawafikia lini? Mngenifukuza mwezi wa kwanza." Na chakula? "Nikikataa wananuna. Nimejaribu." Alikuwa amenenepa kweli, na alikuwa na aibu ya unene wake.

Kesho yake nikaenda upande wa Mama Nyangeta. Nikaambiwa yuko kwa Leokadia, nikaelekezwa nyumba. Nilipiga hodi mlango wa mbele, hakuna jibu. Nikazunguka nyuma nikamkuta jikoni, amefunga khanga kiunoni, anachemsha maji. Baadaye niligundua kwamba hakuwahi kuingia kwa mgonjwa kwa mlango wa mbele hata siku moja. Anayekuja kwa mbele ni mgeni. Anayepitia jikoni ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hachinjiwi. Kuku wa pale walikuwa wananipita miguuni wanavyotaka.

Leokadia alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mdomo mwepesi. Homa kali ilikuwa imemwacha na miguu isiyo na nguvu, akalala kitandani hawezi hata kugeuka. Mama Nyangeta alimkanda, akamgeuza, akamketisha, akamsimamisha. Kaka yake Leokadia akachomeka nguzo fupi na kulaza juu yake fito mbili ndefu, kimo cha kiuno, kuanzia mlango wa chumba hadi barazani, ilipokuwa cherehani yake ya mkono. Alikuwa anazishika fito hizo na kujivuta katikati yake, mguu baada ya mguu. Siku niliyofika aliweza kwenda hadi nusu.

"Huu wa kushoto unasahau kazi," akaniambia, anaupiga kofi. "Mama Nyangeta anaukumbusha."

"Nikiacha kuja wiki chache tu mishipa itakaza," akasema Mama Nyangeta. "Tutarudi kitandani kule tulikotoka."

"Mimi kitandani sirudi," akasema Leokadia. Aliacha utani kabisa aliposema hivyo. Mama yake mzazi, Bibi Tereza, akageuza uso.

Mama Nyangeta alikuwa akikaa pale tangu asubuhi hadi jua linapopoa. Jioni analichovya dole la Leokadia kwenye wino, anabandika moja, anaondoka. Kutwa nzima ya kazi ilikuwa inaingia Mwanza kama alama moja ya zambarau. Nikaelewa kwa nini fomu zake zilikuwa tupu.

Nilirudi Mwanza nikiwa nimejaa maneno. Kikaoni niliongea, jamani. Niliongea mpaka dereva aliyekuwa nje akaja kuchungulia dirishani.

"Kuku?" akauliza Bwana Mkuu.

"Kuku, Bwana Mkuu. Ziara zinawafilisi."

"Wizarani wanataka namba. Niwapelekee kuku?"

"Basi tumuulize kila mgonjwa: leo unaweza kufanya nini ambacho wakati wa mavuno yaliyopita hukuweza?"

"Mmoja atasema nageuka, mwingine atasema nakojoa mwenyewe, wa tatu atasema namshukuru Mungu. Utajumlisha vipi?"

Swali lilikuwa la haki, Kabula, hata leo linawatoa jasho watu wenye shahada mbili. Mzee Masanja akaniunga mkono, kofia kichwani, akasema tuahirishe uamuzi. Bwana Mkuu akasema tutaliangalia mwakani. Kikundi cha Mama Nyangeta kikakatwa, na barua nikapewa mimi niipeleke.

Niliumia. Sikuumia kwa kushindwa kikaoni, hilo nililizoea. Niliumia kwa sababu ya zile fito mbili na ule umbali uliobaki. Nikapanda meli na barua mkobani.

Mama Nyangeta alisoma barua hadi mwisho, akaikunja mara mbili. "Sasa nani atamshika Leokadia?"

"Bwana Laurenti."

"Anashika baiskeli vizuri," akasema, akaingia ndani.

Mjane anakula kwa mikono yake, kwa hiyo akaanza kuuza dagaa sokoni Nansio. Kwa Leokadia akawa anaweza kwenda Jumapili tu, baada ya ibada. Jumapili peke yake hazikutosha, na yeye alijua kuliko mtu yeyote.

Basi miezi ikapita. Fomu zikaanza kuingia kutoka Ukerewe, na ofisini ikawa maajabu. Madole ya Bwana Laurenti yalikuwa yamepungua. Mwezi uliofuata yakapungua zaidi. Bwana Mkuu akawa anazigeuza fomu juu chini.

"Mtu wangu bora ameharibika!" akasema. "Ni pombe? Nenda kaniangalizie."

Nikaenda. Moyo wangu ulikuwa mzito, maana nilijua lazima nitapita kwa Leokadia na nilikuwa naogopa nitakachokuta. Nilizungukia jikoni, kama nilivyojifunza. Kitu cha kwanza nilichokiona ni shati jeupe limetundikwa kwenye ufito. Mwenye shati alikuwa amepiga magoti chini na fulana iliyolowa, anaukanda mguu wa kushoto wa Leokadia, anahesabu kwa sauti.

"Shikamoo, Afisa," akasema Leokadia kutoka kwenye kigoda, amekaa wima mgongo umenyooka.

"Marahaba. Kumetokea nini hapa?"

"Muulize mama, ndiye aliyeona aibu."

Bibi Tereza akashika shavu. "Aibu, baba, acha tu! Bwana huyu alikuja mlango wa mbele, kapendeza. Nikaenda kukamata kuku. Huyu mwanangu akanikemea, mama mwache kuku! Mbele ya mgeni!"

"Alinisalimia vizuri," akaendelea Leokadia. "Akaniuliza naendeleaje. Akatoa fomu. Nikamwambia dole langu utalipata, kwanza miguu. Akacheka. Nikakunja kidole hivi." Akakunja ngumi, dole gumba likazama ndani. "Bila dole langu, hajafika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia."

"Nilikasirika," akasema Bwana Laurenti kutoka chini, bila kuacha kukanda. "Nilipanda baiskeli nikaondoka."

"Akarudi. Nikakunja. Mama analia, mgeni wa serikali, tutasemwaje! Nikamwambia, mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku zake amezimaliza zote, tena kwa watu wengine."

Mara ya tatu Bwana Laurenti akavua shati. Alikuwa hajui aanzie wapi, anaushika mguu kwa woga. Jumapili Mama Nyangeta akamfundisha, na kwa ukali, nasikia, hadi karani wa watu akajuta kuzaliwa. Lakini akajua. Na akishajua, akawa anaona matunda ya mikono yake, akapenda. Tatizo, siku anayokuja kwa Leokadia hapati nafasi ya kwenda kwingine. Na huko kwingine habari zilikuwa zimeshafika. Kisiwani habari haingoji meli. Yule mzee aliyepooza upande mmoja, mkono wake ule usiopooza ulikuwa umekunjwa ngumi Bwana Laurenti alipoingia, na mke wake amesimama mlangoni anacheka. Wagonjwa wa tarafa nzima wakawa wanakunja vidole mpaka waone kazi. Ndiyo maana mtu bora wa Bwana Mkuu alikuwa ameharibika.

Niliporudi kueleza, Bwana Mkuu akaanza kucheka, na kwa kweli alikuwa na kicheko kizuri. Tukabadilisha mkataba. Hatukuibadilisha kazi kwa hotuba yangu, wala kwa semina yoyote. Tulilazimishwa na watu waliolala kitandani. Fomu mpya ilikuwa na nafasi ya mgonjwa kusema kwa maneno yake anachoweza sasa, na ilikuwa ngumu kujumlisha vile vile alivyotabiri Bwana Mkuu. Tukahangaika nayo. Mama Nyangeta akarudishwa, safari hii akilipwa kuwafundisha wahudumu wote, wa kwake na wa Laurenti. Jambo la kwanza alilowafundisha lilikuwa kupitia jikoni.

Nimewaambia haya yote kwa sababu mtaandika vigezo. Hamuwezi kukwepa, nchi haiendeshwi kwa hadithi za mjomba. Lakini kila kigezo kitakula kitu nyumbani kwa mtu. Kabla ya kukipenda, nendeni mkaone kinakula nini. Na anayehudumiwa mpeni nguvu ya kusema bado, kabla ninyi hamjasema tayari.

Siku ile, nilipokuwa nimesimama pale jikoni nimeshangaa, nilitoa kalamu ili nijaze fomu yangu. Leokadia akaniona.

"Umekuja kupima, Afisa?"

"Ndiyo."

"Basi usipimie hapo. Nenda kasimame kwenye cherehani."

Nikaenda barazani nikasimama mwisho wa fito. Bwana Laurenti akamwinua kwa makwapa, akamfikisha kwenye fito, halafu Leokadia akamwambia, "Niachie." Akamwachia, ila mikono yake ikabaki hewani. Bibi Tereza akafunika macho kwa khanga, kisha akaona haiwezekani, akafunua jicho moja.

Akaja. Mguu wa kulia ulikuwa unatangulia vizuri, wa kushoto unaburuta, anausubiri, anausemesha maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele ya watoto wa watu. Alipofika nusu, pale nilipomwacha mara ile, akasimama. Fito zikatetemeka. Nilitaka kumfuata.

"Kaa huko huko!" akanifokea, yeye anayeniamkia shikamoo.

Nikakaa huko huko. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, na mimi nilikuwa najikuta nakanyaga chini kwa mguu wangu wa kushoto, kana kwamba namsaidia. Alivuka nusu. Akaja taratibu, mpaka nikasikia pumzi zake, mpaka mkono wake ukaachia ufito na kunikamata begani kwa nguvu za fundi aliyezungusha cherehani maisha yake yote. Akabaki ameniegemea hivyo. Kalamu yangu sijui iliangukia wapi. Nilikuwa nalia, na sikuwa na mkono wa kufuta.

Akainua uso akanitazama.

"Haya, nipishe, Afisa," akasema. "Umesimama mbele ya kiti changu."